Fomu kumi na moja kwa mwandiko wangu

Jumatano, mwezi wa nne. Mvua ilianza tulipotoka shule na mpaka sasa haijakatika. Mtaa wetu wa Buyenzi umejaa maji ya kahawia, na mafundi wa karakana ya Baba wamejibanza chini ya bati wakisubiri. Nimekaa jikoni kwa sababu hapa ndipo pasipovuja.

Nina hasira, na sijui niiweke wapi. Sijazoea kuwa na hasira.

Nianze na fomu. Sisi wa darasa la kumi, kabla ya mtihani wa taifa, kila mmoja anajaza fomu ya kuchagua mkondo atakaosoma miaka ijayo: Sayansi, Lugha, Uchumi, Ualimu. Kuna mistari mitatu, chaguo la kwanza, la pili na la tatu. Mwaka huu, kwa kuwa mipaka imefungwa na karatasi imekuwa adimu, kila mwanafunzi amepewa fomu moja tu. Ukiichafua, basi. Kwa hiyo wazazi walitia saini kwanza, chini kabisa, mistari ikiwa bado mitupu, na fomu zikarudi shuleni zijazwe hapo na mtu mmoja mwenye mwandiko safi.

Mtu huyo nilikuwa mimi.

Mwalimu Gaspard, mwalimu wetu wa darasa, ndiye aliyenichagua. Nikiri hapa: nilifurahi kupita kiasi. Huyu ndiye mwalimu aliyeniazima kamusi yake mwaka jana akaniambia nisiharakishe kuirudisha. Mimi darasani sisemi. Nikiulizwa swali, masikio yanawaka moto. Yeye akanipa kalamu yake ya wino mweusi na kusema mbele ya wote, "Hadija amesoma maelezo yote. Mukiwa na swali, muulize yeye."

Kwa wiki nzima watu walikuja kwenye dawati langu. Hata Kassimu, ambaye tangu darasa la saba ananiita "Maktaba", alikuja akaketi kwa adabu. "Mama Maktaba, nisaidie. Mi nataka mukondo wenye hesabu kidogo na wasichana wengi." Nilicheka mbele ya watu. Sikumbuki mara ya mwisho nilipofanya hivyo.

Lakini Mwalimu alinipa pia onyo la kuwafikishia. Alisema mwenye alama chini ya sitini asithubutu kuweka Sayansi kwenye mstari wa kwanza. Kamati ikimkataa hapo, haitashuka kusoma mstari wa pili. Itamtupa popote penye kitanda, bweni la mikoani, mbali. Aweke Ualimu, atabaki hapa mjini.

Mikoani. Hakuhitaji kusema zaidi. Jumatatu tulirudishwa nyumbani mapema kwa sababu ya milio ya risasi upande wa Kanyosha, na huko bado ni mjini. Barabara ya kwenda mikoani kila mtu anajua habari zake. Kila familia ina jina la mtu aliyepanda gari asifike. Siku hizi hatuchagui masomo, tunachagua barabara ambayo hatutaki kupita.

Nikawaambia mmoja mmoja, kwa sauti yangu ndogo, nikiamini kila neno. Waliotaka Sayansi na kukosa alama hizo walikuwa kumi na mmoja. Wote kumi na mmoja niliwaandikia Ualimu mstari wa kwanza.

Mmoja wao ni Spe.

Jina lake ni Espérance, lakini hakuna anayemwita hivyo isipokuwa padri. Tumekaa dawati moja miaka minne. Mama yake anauza ndagala, samaki wadogo wa ziwani, sokoni, na Spe anataka kusoma udaktari. Ni kitu cha kila siku kwake, si ndoto. Ndiye anayemfunga kidonda kila anayejikata uwanjani, na huwa anamgombeza mgonjwa huku akimfunga. Alama zake ni hamsini na nane.

Leo asubuhi prefe, msimamizi wa masomo shuleni, aliniita ofisini nimsaidie kupanga fomu kwa alfabeti, zitiwe kwenye bahasha. Gari la wizarani linazichukua kesho saa nne. Nilikuwa napanga huku nikiutazama mwandiko wangu kwa majivuno, fomu baada ya fomu, mpaka nikafika kwenye moja ambayo haikuwa yangu.

Ilikuwa ya Nadine, mtoto wa dada yake Mwalimu Gaspard. Alama hamsini na nne. Mstari wa kwanza: Sayansi. Mwandiko ulikuwa wa Mwalimu mwenyewe. Ninaujua, umo pembeni mwa insha zangu zote.

Aibu ninayoiona hadi sasa ni kwamba sikushuku kitu. Niliogopa kwa ajili ya Nadine. Nilidhani mjomba wake amesahau onyo lake mwenyewe. Mimi nisiyesema nikasema, tena haraka haraka: prefe, tafadhali, tuibadilishe hii, huyu atatupwa mikoani.

Prefe alivua miwani. "Nani alikuambia hivyo, mwanangu?"

Nikamweleza.

"Kamati ikikosa nafasi mstari wa kwanza, inashuka wa pili. Ikikosa wa pili, inashuka wa tatu. Anayekosa yote mitatu ndiye anayepelekwa mikoani. Kwani mistari mitatu waliichora kwa urembo?"

Nikaitazama tena ile hamsini na nne. Nafasi za Sayansi hapa mjini ni chache, hilo kila mtu analijua. Watu kumi na mmoja wakijiondoa wenyewe, foleni inakuwa fupi kwa Nadine. Na waliojiondoa, niliwaondoa mimi, kwa upole, kwa wino mweusi.

Mwalimu Gaspard nilimkuta kwenye korido. Sikuwa nimepanga maneno. Nilisema tu, kwa jina tunalowaitia walimu wetu, "Musiyo, fomu ya Nadine."

Alitazama kushoto na kulia. Kisha akasema taratibu, kama anavyosema akitaka nielewe sentensi ngumu, "Hadija, we una alama za juu. Nafasi yako haijaguswa. Sasa unalilia nini?"

Sikujua kwamba nalia.

"Dada yangu na bwana wake walikufa kwenye barabara ile," akasema. "Mutoto huyu ndiye niliyebakiwa naye. Ningemupeleka tena huko mi mwenyewe?"

Ningeweza kumchukia vizuri kama asingesema hivyo. Nadine namjua, anakaa dawati la mbele, hajawahi kumkosea mtu. Sina la kumlaumu. Lakini na wale kumi na mmoja je, wao si watoto wa mtu? Na kwa nini mimi? Alikuwa na mdomo wake. Angeweza kuwadanganya mwenyewe. Alijua wangemuuliza maswali, na mimi hawangeniuliza, kwa sababu mimi ni yule asiyesema uongo. Alichukua kile kitu kimoja nilicho nacho darasani, akakitumia bila hata kuniomba.

Hilo ndilo linaloniuma. Kama angeniomba ningekataa, na tungekuwa tumebaki watu wawili wanaojuana.

Nilirudi kwa prefe. Ni mzee aliyechoka, na si mtu mbaya. Alisema fomu zinaweza kusahihishwa: atapiga mstari mmoja, ataandika pembeni, atatia muhuri. Lakini kila sahihisho linahitaji sababu. "Ukiandika kwamba mwalimu alidanganya, hiyo ni kesi, na kesi ina uchunguzi wake. Fomu zitalala hapa na gari litaondoka. Ukiandika kwamba wewe uliyejaza ulikosea, nasahihisha kesho saa moja asubuhi na hakuna atakayeuliza. Ila nitapunguza alama zako za nidhamu. Kumi na moja ni makosa mengi, mwanangu." Na nidhamu huwa inahesabiwa kamati inapogawa nafasi.

Nikamwambia nitafikiri. Yaani hata hapo niliogopa.

Saa sita nilisimama getini nikawaambia wale kumi na mmoja, kila mmoja alipopita. Wengine hawakuelewa, wakafurahi tu kwamba kesho saa moja fomu zinaweza kusahihishwa. Kassimu, aliyekuwa akisikiliza pembeni, alisema, "Kumbe Maktaba ni sekretari wa Musiyo!" na wenzake wakacheka. Safari hii sikucheka nao.

Spe alinisikiliza mpaka mwisho. Mvua ilikuwa imeanza na hakuna kati yetu aliyesogea.

"Kwa hiyo Musiyo alikudanganya we," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi ni nani alinidanganya?"

Nikataka kumshika mkono. "Apana, usiniguse. Mi nilikuambia uningoje nimuulize mama. Nilikuambia, Hadija."

Akaenda zake, begi kichwani kama ngao ya mvua. Hakugeuka.

Hapa nimeweka kalamu chini kwa muda mrefu. Mama amepita mara mbili kuangalia maharage na hajaniuliza kitu, akanisogezea tu chai.

Kuna jambo ambalo sikuliandika hapo juu. Nilipomweleza Spe lile onyo, Ijumaa, wengine wote walikuwa wamekubali na kuitikia kwa kichwa. Yeye hakukubali. Alisema mama yake alitia saini akijua ni Sayansi, na hawezi kumgeuzia mama neno nyuma ya mgongo wake. Atakimbia sokoni saa ya mapumziko, amuulize, arudi. Nikamwambia sawa.

Mwalimu Gaspard alitaka fomu kabla ya saa sita. Alipita mlangoni akaonyesha saa yake, akatabasamu. Ilibaki fomu moja tu. Nilitaka kumkabidhi zote zikiwa kamili, nimwone akizipokea, anisifu. Na nilikuwa na uhakika kwamba najua linalomfaa Spe kuliko mama yake, ambaye hasomi. Nikaandika Ualimu. Spe aliporudi akihema, mikono ikinuka samaki, wino ulikuwa umekauka. Mama yake alikuwa amesema Sayansi, liwalo na liwe. Mimi nikamwambia, "Utanishukuru."

Hilo Mwalimu hakunituma.

Jioni hii yote nimekuwa nikijihesabu kati ya waliosalitiwa, na ni kweli, nimo. Lakini Spe ana haki ya kuuliza alichouliza, na jibu lake si Gaspard.

Kamusi ya Mwalimu iko hapa mezani. Sijui nitairudisha vipi, wala kama nitaweza kumtazama usoni mpaka mtihani uishe. Sijui kama Spe atakuja kesho. Nafikiri atakuja, kwa sababu ya mama yake na si kwa sababu yangu. Sijui alama za nidhamu zitanifikisha wapi. Huenda nami nikajifunza barabara ya mikoani.

Lakini saa moja nitakuwa mlangoni kwa prefe. Nitaandika mara kumi na moja: mimi niliyejaza fomu hii nilikosea. Mara kumi nitakuwa naongopa ili gari lisiondoke bila wao. Fomu ya Spe nitaiomba iwe ya mwisho, na hiyo nitaitia saini bila kuongopa.