Udongo Ulionata kwenye Mizizi ya Wifi Yangu

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Kitahana tunaendelea vizuri. Babu yako anakohoa kidogo, na yule mbuzi mweusi kazaa mapacha.

Umeuliza kama ni kweli, kama mlivyofundishwa chuoni, kwamba vijidudu vya udongoni husaidia mizizi wakati wa ukame. Ni kweli, na kweli hiyo inaniuma mpaka leo.

Nilikuwa bado bibi harusi mvua ilipokatika, maharage yakiwa kwenye maua. Shida za mwaka ule naziacha. Maharage yangu yalinyauka. Ya wifi yangu Yasinta, dada wa babu yako, yakabaki kijani, na mashamba yetu yamepakana! Mama mkwe akawa anamsifu yeye tu, kutwa kucha. Kwa wivu nikasema ana dawa ya mganga.

Aliposikia, Yasinta aling'oa shina moja kwake na moja kwangu, akanipa nishike. Mizizi yake ilitoka imevaa udongo, umenata kama ugali vidoleni. Yangu ilitoka mitupu. Mimi nilikuwa nachoma mabaki yote ya mavuno ili shamba lipendeze. Yeye aliyaacha yaoze.

Sasa unaniambia vijidudu hivyo hula mabaki, na ukame ukija hutoa ute unaoshikiza udongo na unyevu kwenye mzizi. Kumbe mwenzangu alikuwa analisha walinzi, mimi nawanyima!

Tangu hapo sichomi. Lakini anayesifiwa bado ni Yasinta.

Ukija likizo na hadubini ya chuo ya kuvitazama hivyo vijidudu, anzia shambani kwangu. Ukianzia kwake, na chakula ule huko huko.

Bibi yako