Kitambaa Chekundu Shingoni mwa Dumu

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, za Mama, na za cherehani yangu ambayo bado inapiga ile kelele uliyokuwa ukiilaani kila asubuhi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia, na vumbi la huko machimboni limekuachia kifua. Sisi huku hatujambo, ila Mzee macho yamezidi kufifia. Jicho la kulia haoni nalo kitu zaidi ya mwanga, na la kushoto analibana kama mtu anayetunga uzi. Mama miguu inamvimba jioni, lakini mdomo haujapungua nguvu. Anauliza kama unakula au unashindia chai.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu nimejaribu, wewe mwenyewe ni shahidi. Nikisikia sauti yako nauliza kama mvua imenyesha huko, naaga, nakata. Kwenye karatasi angalau sina pa kukata.

Habari kubwa ni kwamba pikapu yako tumeifungua. Ile ile iliyokaa juu ya mawe miaka miwili kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, mpaka kuku wakaona kiti cha dereva ndicho pa kutagia. Mwezi uliopita Mzee alirudi kutoka kwa daktari wa macho na hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kibandani, akaweka mkono juu ya boneti, akaniita. Akasema giaboksi ile ataitengeneza kabla jicho la pili halijafunga duka. Kichwa anacho, akasema, ila macho hana na vidole vinatetemeka, kwa hiyo macho na vidole vitakuwa vyangu. Nikamwambia mimi ni fundi cherehani. Akanijibu ndiyo maana ameniita mimi, kwa sababu mtu anayetunga sindano nyembamba kuliko zote hawezi kushindwa na springi.

Nikakubali palepale. Mama alinitazama, maana ananijua, mimi kukubali jambo bila kubishana si kawaida. Sababu yake nitakuja kukueleza.

Jirani yetu mwalimu mstaafu, yule uliyembatiza jina la Bwana Ushauri, alisikia vyuma vikigongana akaja na kiti chake mwenyewe. Hajawahi kushika spana maishani, lakini la kusema halimkauki. Alisema giaboksi ya otomatiki haifunguliwi nyumbani, hufunguliwa kiwandani na watu waliovaa makoti meupe. Mzee akamwambia kwamba hata yeye Bwana Ushauri alizaliwa nyumbani, na hakuna aliyevaa koti, na bado anatembea. Basi akakaa, na hakuondoka mpaka kazi ilipokwisha.

Kuishusha tu giaboksi kulitumalizia siku mbili. Tulitoa ile fimbo ndefu ya propela inayozungusha magurudumu ya nyuma, nyaya na mabomba ya oili, kisha tukaiegemeza juu ya jeki na mbao za kitanda chako cha zamani, utanisamehe. Ilipokaa chini, Mzee akaniambia nifungue sampu, lile beseni la chuma la chini linaloshika oili. Kilichotoka kilikuwa cheusi tii. Alichovya kidole, akanusa, akasugua, akanusa tena. Akasema ni oili ya injini, kama alivyojua siku zote. Halafu akasema neno lile lile la siku ile, kwamba aliyemimina hakutazama alichomimina. Nikajifanya natafuta spana namba kumi na nne, na spana yenyewe nilikuwa nimeishika mkononi.

Siku ile unaijua kuliko mimi, lakini niache niiandike, kwa sababu bila hiyo yanayofuata hayana miguu. Ulikuwa umepata kazi ya kubeba kokoto, kazi ya kwanza kubwa tangu ununue pikapu. Mzee akakwambia ubadilishe oili ya giaboksi kabla ya safari. Stoo kwetu oili zote zinakaa kwenye madumu meusi yanayofanana kama mapacha, na Mzee huyatofautisha kwa vitambaa nilivyomkatia mimi: chekundu shingoni kwa oili ya giaboksi, cha bluu kwa oili ya injini. Ukamimina kutoka dumu jeusi, kwa mpira mweusi, kabla jua halijatoka. Saa sita mchana ukarudi kwa miguu, shati limelowa, ukasema gari linaunguruma mlimani lakini haliendi.

Gari lilipovutwa mpaka nyumbani, Mzee akavuta kijiti cha kupimia, akanusa, akakuuliza umemimina nini. Ukasema umemimina ya dumu lenye kitambaa chekundu, kama alivyokufundisha, na kitambaa ndicho shahidi wako. Mkaenda stoo wote, na Bwana Ushauri nyuma yenu. Dumu la kitambaa chekundu likakutwa limejaa, halijaguswa. La bluu likakutwa tupu. Mzee akasema kuharibu gari ni bahati mbaya lakini kudanganya ni tabia, na njia ya mwongo ni fupi. Alisema mbele za watu. Ulirudia maneno yako mara tatu, mara ya tatu kwa sauti ndogo sana. Siku ya tatu asubuhi kitanda chako kilikuwa kimetandikwa na wewe hukuwepo.

Narudi kwenye kazi. Ndani ya giaboksi kuna sahani nyembamba zilizopangwa kwa zamu, moja ya chuma kitupu, moja imevaa kitu kama karatasi nzito. Oili ikizibana zinashikana, na gari linakwenda. Za kwako zilikuwa zimebaki uchi, na zile za chuma zimegeuka bluu kwa moto. Mzee alizipapasa moja moja, akasema zilijitahidi sana kabla ya kufa. Kwenye vyuma ana huruma kuliko kwa watoto wake, nilitaka kumwambia hivyo, nikanyamaza kwa kuwa mimi nilikuwa mtu wa mwisho mwenye haki ya kusema.

Tuliagiza sahani na sili mpya za kuzuia oili isivuje, na ile ngoma ya mbele inayopokea nguvu ya injini tuliipata kwenye gari lililopinduka. Kila kilichotoka nilikipanga kwenye trei za mayai, nikakipa namba. Sahani mpya hazifungwi zikiwa kavu, lazima zilale kwenye oili usiku mzima, na beseni lililotosha lilikuwa la Mama la kuoshea vyombo. Mama alisema tangu aolewe hajawahi kumiliki beseni peke yake, na kwamba kitu kingine akikikuta kimelowekwa atakipika na tutakila. Aliposema hivyo Mzee alicheka. Sikumbuki mara ya mwisho alicheka lini, nadhani ulikuwa bado upo.

Kaka, ilikuwa kazi tamu, sitakuficha. Mzee anakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, anashika chuma, anafumba macho, ananiambia hiki kinaingia kwa meno yakitazama juu. Mimi nakiingiza, kinasema tak. Kuna bamba moja lenye vijia vingi vya oili, ndilo ubongo wa giaboksi, na ndani yake kuna gololi saba ndogo kama punje za mtama, kila moja na shimo lake. Ili zisidondoke tulizigandisha kwa mafuta yangu ya kujipaka, kopo zima likaisha. Nilizihesabu saba. Au nilidhani nimezihesabu, maana Bwana Ushauri alikuwa ananieleza historia ya gurudumu.

Tukaipandisha, tukajaza oili, tukawasha. Magurudumu ya nyuma yakiwa hewani, Mzee akaweka gia ya kwenda mbele, yakazunguka vizuri, Mama akapiga kigelegele kutoka jikoni. Akaweka ya kurudi nyuma. Kimya. Akarudia. Kimya. Gari lilikuwa linajua kwenda tu, kurudi halijui. Bwana Ushauri akasema watu wengi wanaishi bila kurudi nyuma, Mzee akamwambia na yeye ajaribu kwenda mbele mpaka kwake.

Tulikaa siku mbili tunafikiri. Siku ya tatu nilikuwa napinda sketi ya mteja, nikanyoosha mkono kuchukua pini kwenye ile sumaku yangu, na chini ya pini nikahisi kitu cha mviringo. Gololi ya saba ilikuwa imelala na pini zangu muda wote huo. Nilikuwa nimekwenda na sumaku kibandani kuokota springi, ikainyakua nami sikujua. Nikampelekea Mzee kiganjani. Nilidhani atanifokea. Alisema tu kwamba angalau imejitokeza yenyewe, tuanze upya.

Ikabidi tumwage oili, tufungue sampu, tushushe lile bamba, tuiweke gololi shimoni kwake. Kisha ikafika zamu ya kujaza tena, na hapa ndipo palipo barua yenyewe. Haya mengine yote nimeyaandika kwa woga.

Mzee aliniambia nilete dumu la kitambaa chekundu. Nikalileta. Kabla ya kumimina nikachovya kipande cha kitambaa cheupe ndani, nikakitazama kwenye mwanga kuona rangi. Hata mara ya kwanza nilifanya hivyo, ila alikuwa ndani anakula. Safari hii alisikia nimekawia. Akauliza nafanya nini, nikasema napima rangi. Akaniuliza tangu lini mtoto wake ameacha kuviamini vitambaa vyake.

Nikaliweka dumu chini. Nikamwambia, na sasa nakwambia wewe.

Jioni ya kuamkia safari yako nilikuwa na gauni la mteja lenye maua mekundu na pindo la bluu. Nilihitaji uzi wa rangi zile zile, na mabaki pekee ya vitambaa vile yalikuwa shingoni mwa madumu ya Mzee. Nikavifungua vyote viwili, nikaenda navyo duka la uzi kulinganisha. Niliporudi nilikuwa na haraka. Madumu yalikuwa mawili, meusi, sawa. Nikafunga kwa kukisia, sikufungua kifuniko hata kunusa. Wewe ulimimina kutoka dumu lenye kitambaa chekundu, Kaka. Ulisema kweli mara zote tatu.

Lakini kukosea ndiyo dhambi yangu ndogo. Uliporudi kwa miguu na kusema gari haliendi, nilijua hapo hapo. Wakati Mzee anavuta kijiti na wewe unajieleza, mimi nilizunguka kwa mlango wa jikoni, nikaingia stoo, nikavibadilisha vile vitambaa, kila kimoja kikarudi penye haki yake. Nikatoka. Mlipoingia nyinyi mkakuta ushahidi nilioupanga mimi. Nilisimama mlangoni nikakusikia ukiitwa mwongo, nami nina harufu ya oili mikononi. Nilijiambia Mzee hasira zake ni za siku moja, nitasema kesho. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zako zote nimezishona mimi.

Mzee aliketi kwenye ndoo yake. Kisha aliniuliza ulirudia mara ngapi. Nikasema tatu. Akauliza yeye alikuita mwongo mara ngapi. Nikasema sikuhesabu. Akasema yeye alihesabu, na kila mwezi anahesabu tena. Akasimama, akaniambia nimshike mkono nimpeleke pale kwenye kiti cha Bwana Ushauri. Ni hatua sita, lakini alitaka kupelekwa. Akamwambia: siku ile ulikuwa pale nilipomwita mwanangu mwongo. Mwanangu hakusema uongo. Nimekuja kukwambia kwa sababu ulisikia. Bwana Ushauri alivua kofia, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue hakuwa na ushauri.

Mama alilia, kisha akanipa mgongo siku nzima. Nimestahili. Mzee kwangu amesema neno moja tu, kwamba hukumu yangu si yake, ni ya aliyeitwa mwongo. Kwa hiyo naingoja kwako. Ukitaka nisikuite Kaka tena, nitaelewa, ingawa sijui nitakuita nani. Sikuombi unisamehe kwa sababu mimi ni mdogo wako. Nakuomba urudi hata kama hunisamehei, kwa sababu Mzee bado anaona kidogo kwa jicho la kushoto, na daktari hakulipa jicho hilo miezi mingi. Anataka kukuona, si kukupapasa.

Tulijaza oili, ya rangi sahihi, tukawasha. Mbele inakwenda. Nyuma inakwenda. Bwana Ushauri alisema tuishushe kutoka kwenye mawe tuizungushe mtaani, Mzee akakataa. Amesema wa kuishusha ni mwenye nayo. Kuku nimewafukuza kitini na kitambaa cha kiti nimekishona upya, maana hicho ndicho ninachokijua.

Mama anakusalimu, anasema beseni limerudi kwake ila linanuka. Bwana Ushauri anakusalimu kwa ufupi, jambo ambalo ungependa kuliona. Wasalimie wenzako wa machimboni, na ujitunze.

Ni mimi mdogo wako uliyeniita Sindano, mkosaji wako.

Nilikuwa nimeshakunja karatasi Mzee akaja akaniomba bahasha. Amefungua kile kitambaa chekundu shingoni mwa dumu, akasema nikuletee shahidi wako, yeye alimkataa na sasa anamrudisha. Kimo humu ndani. Amekifunga fundo mwenyewe, kwa kupapasa, hakutaka nimsaidie, na lilimchukua muda.