Kitambaa cha Buluu Chini ya Kiti

4 Machi

Shangazi, shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila kazi imetubana hapa kiwandani.

Tumeletewa kitabu cha miaka hamsini ya Duara la Kimya, wale wa kukaa kimya pamoja, tukichape, na mimi ndiye msahihishaji. Wanasema lilianzishwa na watu wawili, Mwalimu na Fundi Saa. Kila ukumbi wao una kiti kisichokaliwa, na chini ya mguu wake mmoja wameweka kitambaa cha buluu kilichokunjwa mara nne. Viti vizima kabisa, Shangazi, vinayumba kwa sababu ya kitambaa hicho. Kitabu kinasema ni siri ya waasisi. Baba aliwahi kusema uliwafahamu. Siri gani hiyo?

Binti yako

15 Machi

Marahaba, mwanangu. Goti linagoma, mengine salama.

Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Kiti kilikuwa changu, na mguu mmoja ulikuwa mfupi. Nilikunja kipande cha sare za shule nilizokuwa nashona, nikakisokomeza chini nisiyumbe. Basi.

Tulianza watu watatu, chumbani kwangu, pembeni ya cherehani. Mwaka ule kila mtu alikuwa anapiga kelele, na mimi ndiye niliyesema tukae saa nzima bila neno. Fundi Saa akaleta saa, Mwalimu akaleta watu. Baadaye Mwalimu akaanza kuhutubia katikati ya kimya. Nilipomwambia hatukukubaliana hivyo, akanijibu mbele ya watu, "Wewe kashone." Nikaenda kushona. Miaka arobaini na minane hakuna aliyekuja kunipigia hodi. Imeniuma, sikufichi. Waandike wapendavyo.

Shangazi yako

2 Aprili

Shikamoo, Shangazi. Natumaini hujambo, na naomba usinigombeze. Nilizuia kitabu kisichapwe, nikampelekea Fundi Saa barua yako. Mwalimu alishafariki, lakini yeye yupo, miaka tisini na akili timamu. Aliisoma, akavua miwani, akalia.

Anasema tangu wiki uliyoondoka Mwalimu hakuhutubia tena mpaka kufa kwake. Aliagiza, "Kiti cha fundi wetu wa cherehani kisikaliwe mpaka arudi." Kukufuata nyumbani aliona haya, na Fundi Saa naye aliuogopa ulimi wako. Waliokuja nyuma wakakuta kiti na kitambaa, wakaviheshimu bila kujua.

Wazee wamekubali. Sura ya kwanza inaandikwa upya, na inaanzia chumbani kwako. Wanakuomba uje kwenye maadhimisho, tarehe sita Mei. Utakuja?

Binti yako

9 Mei

Mwanangu, pole kwa homa iliyokuzuia. Umepata nafuu? Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nashona gauni, tena nilikuwa na hofu, na vyote viwili vilichukua muda.

Nilienda. Ukumbi ulijaa mpaka barazani, na hakuna aliyekohoa. Fundi Saa alinisindikiza na mkongojo wake hadi kwenye kiti, kiti kipya, kizuri. Nikainama, goti likalalamika ukumbi mzima ukasikia, nikachomoa kitambaa, nikakaa. Hakikuyumba. Nililia, mwanangu, nao wakalia, na hakuna aliyesema neno mpaka saa ilipogonga. Nimefurahi kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Nikawaambia kila ukumbi uondoe kitambaa, aliyechoka akae. Chenyewe nakutumia humu. Kimekunjwa vibaya, mimi sikumfundisha mtu kukunja hivyo.

Ukija kunitembelea usije Jumamosi. Hutanikuta, nina kikao cha Duara.

Shangazi yako