Treni ya Kopo na Fagio la Mama

Papa yangu mpenzi,

Usicheke. Nimejenga reli yako ndani ya salon, pale tunapopokea wageni, juu ya ile meza yako ya kulia. Mataruma ni vijiti vya mianzi, reli ni vyuma vya miavuli iliyokufa, na locomotive, kichwa cha treni, ni kopo la sardini lenye magurudumu ya vifuniko vya chupa. Haina moteri, naisukuma kwa kidole. Upande huu gare yetu, kituo cha Lubunga, upande ule Ubundu, na mto nimeupaka bluu, ingawa wewe na mimi tunajua mto wetu haujawahi kuwa wa bluu hata siku moja.

Nilianza kwa woga, acha nikuambie ukweli. Asubuhi moja Mama aliangalia picha yako ukutani akaniuliza, "Huyu papa ni nani?" Miaka yote ile uliendesha treni, yeye akikungoja, halafu anauliza wewe ni nani! Nikajisemea, bon, kama picha haimwambii kitu, labda njia yako itamwambia.

Na kweli ilimwambia. Siku nilipoweka locomotive pale Ubundu, aliinama, akagusa kona ya kwanza. "Hapa ndipo anapiga honi," alisema. Nililia kwa furaha kama mjinga. Kesho yake nikachukua fagio nifagie salon, akaninyang'anya. "Uko na akili kweli? Papa yako iko njiani!"

Hapo ndipo woga wenyewe ulipoingia.

Unakumbuka, Papa. Kwetu hakuna aliyefagia ukiwa safarini, maana kufagia nyuma ya msafiri ni kumfutia njia ya kurudi. Siku mbili, siku tatu, maganda ya mihogo na majani ya pondu sakafuni, sisi tunaruka tu. Halafu sauti yako kwenye uzio: "Mutu amefika! Fagieni!" Nilikimbia na fagio lililonizidi urefu, nawe ukainua miguu ili nipite chini ya kiti, ukinitania kwamba nimesahau kona.

Safari yako ya mwisho haikuwa ya treni. Ulivushwa mto kwa pirogue, una homa, kwenda hospitali, na Mama hakufagia. Siku ya nne majirani walikuja na viti vya matanga mabegani. Walichukua fagio wakaanza kufagia, na hivyo ndivyo Mama alivyojua.

Donc, tangu aliponinyang'anya fagio, hatufagii. Kila asubuhi ananiuliza, "Papa yako amefika wapi?" nami nasukuma kopo kidogo, upana wa kidole. Naogopa kusukuma, naogopa kuacha. Likifika Lubunga nimwambie nini? Kwamba ndani hamna mtu? Eh, Papa, nimefanya nini? Nilitaka akukumbuke, sasa naogopa atafiwa na wewe mara ya pili, tena kwa mkono wangu.

Juzi ilibaki reli moja tu, ile ya kuingia gare. Nilikuwa nimeikata tayari, lakini sikuiona. Nilitafuta chini ya meza, kwenye vumbi, hata ndani ya sufuria. Leo mchana nikifua kikwembe cha Mama, kitu kikanichoma kidole. Kilikuwa kile kipande cha chuma, kimefungwa pindoni kwa fundo gumu.

Nilimwendea nacho mkononi. "Mama, ni wewe uliificha?"

Hakuniangalia. Aliangalia meza. "Usiiweke," alisema polepole. "Treni ikifika, watu watakuja na viti."

Kumbe anajua! Jina lako limempotea, lakini hilo anajua, na siku zote hizi ameogopa kama mimi, kila mmoja peke yake, ndani ya nyumba moja. Niliketi karibu naye. Kisha nikachukua kikwembe kikavu, nikafunga ile reli pindoni, fundo gumu kama lake, nikampa.

Treni yako imebakiza kidole kimoja ifike nyumbani. Sakafu ina vumbi mpaka nyayo zetu zinaonekana. Usiharakishe, Papa.

Mtoto wako,
yule wa kusahau kona