Kengele ya Shule Ndani ya Pampu ya Mashuuru

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kwa sababu nimechoka na niko na aibu. Mimi ni fundi hapa Kitengela, naunda mitambo inayoongozwa na chipu ndogo yenye programu, na kila nikipata kazi mpya nachukua programu ya kazi iliyopita, nafuta hapa, naongeza pale, naenda kufunga. Mwezi jana nilifunga mtambo wa pampu ya kisima huko Mashuuru, nikatumia programu ya kengele ya shule, nikasahau kuondoa mstari unaoizima Jumamosi na Jumapili, basi wikendi tatu ng'ombe wamekuta birika kavu na lawama zimemwangukia Katoo, mlinzi wa pampu, ambaye mimi mwenyewe nilimkataza kugusa swichi. Jumatatu mwenyekiti wa kisima, Mama Nailantei, alimuuliza mbele ya watu, "Katoo, ng'ombe wetu nao huenda kanisani?" Katoo akajibu, "Yeyo, mama yangu, mimi nilikuwa hapa. Ni hii mashine imeokoka." Watu wakacheka, nami nikacheka, halafu nikarudi nyumbani nikafungua programu nikaona mstari ule. Ijumaa kamati inakaa kumwachisha kazi. Nikirekebisha kimyakimya hakuna atakayejua. Nifanyeje?

Ouko, Kitengela

Bwana Ouko,

Kwanza, Kiswahili ni "nina aibu", si "niko na aibu". Pili, aibu hiyo unaistahili.

Nimefundisha uandishi wa barua miaka thelathini na moja, na kosa lako nimechoka kulisahihisha. Mwanafunzi tulimpa kielelezo chenye nafasi tupu: anwani hapa, tarehe hapa, kiini hapa. Aliyenakili barua ya zamani na kufutafuta ndiye aliyemwandikia mwalimu mkuu "Mpenzi wangu Beverlyne".

Tenga siku moja uandike kiolezo kisicho cha kazi yoyote: kuamsha chipu, kusoma saa, kuwasha, kuzima. Siku, saa na namba za nyaya zikae juu kabisa, ziwe tupu, na programu ikatae kwenda hadi uzijaze. Kila kazi ianzie hapo.

Lakini kiolezo hakitamwokoa Katoo. Ukirekebisha kimyakimya, pampu itafanya kazi akiwa ameshaondoka, na kila mtu ataamini kuwa alikuwa mvivu. Kwa hiyo usiguse kitu. Ijumaa simama mbele ya kamati, useme kosa ni lako, uwaonyeshe mstari wenyewe, uufute wakitazama. Jumamosi ubaki birikani na Katoo hadi maji yatoke. Akitania tena, mwache acheke yeye.