Mwanamke Waliyemsoma Siyo Wewe

Mama,

Shikamoo. Ungekuwepo ungeitikia, "Marahaba, vyombo umeosha?" Nimeosha.

Nina hasira, na wa kumwambia ni wewe tu. Siku tuliyokuzika hukusomwa wewe. Alisomwa mwanamke mwingine mwenye jina lako.

Baba ndiye aliyeniomba niandike wasifu wako, kwa kuwa Kiswahili ndilo somo ninalolipenda. Mwalimu wetu hutuambia kwamba kabla ya kuandika lolote, mwandishi achague mahali pa kusimama, maana jambo likitazamwa kutoka jikoni halifanani na likitazamwa kutoka barabarani. Aliposema hivyo nilicheka peke yangu darasani. Nilimkumbuka yule mbuzi wa jirani aliyeingia jikoni kwetu Kijenge akala ugali wote. Sisi tulikuwa karibu kulia kwa njaa. Wewe ukaketi kwenye kigoda, ukatusimulia kisa chote kama vile mbuzi ndiye aliyeonewa: "Nimekuta mlango wazi, chakula kimepakuliwa, nikasema hawa watu wana adabu. Kumbe wameniita wanipige." Tulicheka mpaka tukasahau njaa.

Basi na mimi nilichagua kusimama jikoni. Nilianza na mbuzi. Nikaandika ulivyoita wateja kwenye meza yako ya maharage sokoni Ngaramtoni kwa sauti ya kushtua punda, na ulivyowatania wazee wafugaji: "Babu, ng'ombe wote wale, na bado unataka nikupunguzie bei?" Ugonjwa wako niliuandika kwa sentensi fupi. Nilitaka anayesikiliza asikie kicheko kikipungua kidogo kidogo, kama tulivyosikia sisi.

Nilimsomea Baba. Kwenye mbuzi alicheka, halafu akafuta macho kwa kiganja. Akasema, "Itasomwa kama ilivyo."

Haikusomwa, Mama. Baba mdogo alisimama kando ya jeneza na karatasi yake mwenyewe. Marehemu alizaliwa, marehemu aliolewa, marehemu alikuwa mpole, mnyamavu, asiyeinua sauti. Wewe, mnyamavu. Alisoma kama anavyosoma matangazo ya kanisani, na katika maneno yote yale ni ukoo uliokuwa unatazama. Wewe ulikuwa mke wao aliyejua kupika kwenye shughuli. Mama Neema wa vitunguu, jirani yako pale sokoni, aliinama akaninong'oneza, "Mwanangu, tunamzika nani?"

Nilimtafuta Baba kwa macho. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Siku nyingi sikumpa zaidi ya shikamoo. Jumapili moja, tukichambua mchele, nikamuuliza kwa nini. Alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa nje. Kisha akasema, "Ile yako ingeniangusha mbele za watu. Ya baba yako mdogo niliweza kuisikiliza nikiwa nimesimama."

Nimeyafikiria maneno hayo. Sikuwahi kujua kwamba sauti baridi inaweza kuwa fimbo ya mtu kuegemea. Baba ninamwelewa, Mama. Lakini aliniahidi. Na ili yeye asianguke, wewe ulinyamazishwa, mbele ya watu wote waliokujua kwa sauti. Hapo ndipo panaponiuma, na bado panauma leo.

Meza yako ina mtu mwingine sasa. Anapanga maharage vizuri kukuzidi, ila anauza kimya kimya. Nikipita pale natembea haraka.

Mvua zikiisha tutakuja kukujengea kaburi, huko shambani kwa babu, juu ya Usa River, na ibada ya shukrani itafanyika palepale. Nimemwomba Baba nisome mimi, amekubali. Natamani kumwamini. Hata hivyo nimeyakariri yote, kuanzia mbuzi, mtu asije akanishikisha karatasi nyingine. Na Baba nimemwambia safari hii hatasimama. Nitamwekea kiti karibu yangu, na akilia, alie akiwa ameketi.

Pumzika, Mama. Nakuahidi sitasoma kwa sauti ya kanisani. Nitasoma kwa ile ya sokoni. Ukisikia watu wanacheka kwenye migomba, ujue safari hii ni wewe unayesomwa.

Binti yako, mwosha vyombo.