Nyundo Yangu Iko Kabatini

Jumatatu, 3 Machi

Nimenyang'anywa nyundo! Maisha yangu yote nawamba makochi, leo bosi kaifungia kabatini. Eti nisije nikajigonga kidole. "Mzee wangu, we pumzika tu, mshahara uko palepale." Kanikalisha mlangoni kwenye kochi, chai mkononi. Akaipuliza kwanza nisiungue. Mtoto wa juzi! Mvi za puani mwangu zinamzidi umri.

Kwa bosi, hapa wote ni "wanangu". Mkata vitambaa anaomba ruhusa ya kushika mkasi. Binti wa cherehani kamuuliza, baba, uzi mweusi au wa kahawia? Kitambaa chenyewe cheusi.

Jumanne, 4 Machi

Nimekaa. Nimesalimia wateja. Nimesinzia. Makalio yamekufa ganzi. Fundi mpya bado anatafutwa – makochi ya watu yamepangwa ukutani, uchi wa mnyama.

Nimeomba nyundo. Kaniletea mto.

Jumatano, 5 Machi

Kumbe mpini wa kijiko cha chai unang'oa misumari vizuri! Kufika adhuhuri kochi langu limebaki mbao na springi. Binti wa cherehani kacheka mpaka kajishika mbavu: babu, utafukuzwa! Nikamjibu, mke wangu, bora nifukuzwe kazini kuliko kufukuza nzi mlangoni.

Bosi kaja. Hakufoka – laiti angefoka! Kanipapasa bega. "Pole, mzee wangu, kumbe kiti kilikuwa kibovu." Kaniletea chake cha ofisini, cha ngozi.

Masikini. Hasikii huyu.

Alhamisi, 6 Machi

Cha ngozi nimekimaliza kabla ya chai ya pili. Kijiko kimepinda.

Sasa bosi kasimama katikati ya mifupa ya viti, na mteja wa hoteli yuko njiani. Atakaa wapi? Kwa mtengeneza makochi! Kamwita mkata vitambaa, kigongelee ngozi upesi. Naye, macho chini: mimi, baba? Si ulinikataza nyundo? Binti wa cherehani: mi uzi tu, baba, na huo mpaka uniambie rangi. Akanikonyeza.

Bosi kaegemea ukuta. Nikamwambia, mwanangu, usisimame sana, utachoka. Nikampa chai yangu. Nikaipuliza kwanza.

Naandika huku namtazama. Nje gari limesimama, mlango wake umebamizwa. Mkono wa bosi uko mfukoni – funguo za kabati zinalia.